Kware wa Mlingotini

Siku Nasambu alipokuta kikapu cha kware wake kitupu, hakulia. Alisimama mlangoni mwa jiko, konzi ya mchwa mkononi, akainua macho polepole hadi juu ya mlingoti wa baba yake, na kule juu, ndani ya kizimba cha kwanza, akamwona. Mchwa wakamponyoka vidoleni. Hapo ndipo hasira ilipomwingia, na haikuingia kwa kelele. Ilianzia miguuni kama umande wa baridi, ikapanda taratibu, ikafika kifuani ikakaa.

Baba yake, Wabwire, alikuwa mtegaji wa kware, ndege wadogo wa nyasini ambao Waluhya wa pale huwaita isindu. Kuanzia Alupe hadi Amukura watu walimjua kwa kazi hiyo. Ukingoni mwa shamba la mtama alikuwa amesimamisha mlingoti mrefu wa mkaratusi, na juu yake amening'iniza vizimba vya fito, kimoja chini ya kingine, kila kimoja na kware dume ndani. Chini, kati ya nyasi na mtama, alifyeka vijia vyembamba, na katika kila kijia akatega matanzi ya uzi wa nailoni. Kware husafiri usiku. Alfajiri wakipita juu husikia madume ya mlingotini yakiita, wakadhani pale chini pana chakula na amani. Basi hushuka, na kwa kuwa kware hupenda kutembea kuliko kuruka, hufuata vijia vile vile walivyofyekewa, hadi tanzi liwakamate shingoni au mguuni.

Waliokamatwa walichomwa kwenye vijiti, na jirani yao Oduori akawabeba kwa bodaboda hadi barabara kuu, ambako malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Malaba hujipanga foleni isiyo na mwisho. Dereva aliyelala ndani ya lori lake haulizi maswali akisikia harufu ya kware. Nyumba ile ilikula kwa kware na kuvaa kwa kware. Sare ya shule ya Nasambu, ya gredi ya sita, ilitokana na kware. Alilijua hilo, na hakuwahi kumlaumu baba yake kwa kazi yake.

Lakini Shemasi hakuwa kware wa kazi.

Jembe la Roselyn, mama yake Nasambu, ndilo lililovunja kiota wakati wa palizi. Mama kware aliruka akapotea, mayai yakapasuka, na kifaranga kimoja kilichokuwa kimetoka muda si mrefu kikabaki kimesimama juu ya udongo, kidogo kama kidole gumba, kikilia. Nasambu alikiweka ndani ya mkono wa sweta yake. Alikilisha mchwa mmoja mmoja, akakinywesha maji kwa ncha ya jani. Kikakua. Kikamfuata kisimani, kikamfuata jikoni, kikalala juu ya unyayo wake alipokuwa akifanya kazi ya shule. Manyoya ya dume yalipomtoka, kooni palikuwa na mstari mweusi juu ya weupe, kama vazi la mtu wa altareni. Ndiyo sababu wakamwita Shemasi.

Aliyempa jina hilo alikuwa Katekista Paulinus, aliyeongoza sala za jumuiya yao ndogo. Jumamosi moja walikuwa wakisali rozari nyumbani kwa Mama Anyait, na kware akaingia kwa miguu, akapita kati ya viti, akatafuta mpaka akampata Nasambu. Watu wakasahau walikuwa fumbo la ngapi.

"Mwacheni," Paulinus alisema. "Miaka yote naomba parokia inipe shemasi wa kunisaidia. Leo nimeletewa, tena amekuja na mavazi yake."

Walicheka hadi Mama Anyait akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Na Wabwire, aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya na mtu wa kupenda kusikika, akasimama akasema, "Huyu ni mtoto wa nyumba yangu. Mbele ya Mungu na mbele ya jumuiya hii nasema, atakayemgusa amenigusa mimi."

Watu wakapiga makofi. Nasambu naye alipiga.

Hayo yalikuwa kabla ya nguchiro. Wabwire alikwenda matangani ng'ambo ya Amukura, akaviacha vizimba chini ili akirudi asubuhi awape ndege maji, na nguchiro akapitia vyote. Aliporudi alikuta manyoya tu. Msimu wa kware ulikuwa umefika kileleni, mtama unaiva, na mlingoti wake ulikuwa bubu. Ndipo alipokwenda jikoni kukiwa bado na giza akafunua kikapu.

"Baba," Nasambu alisema asubuhi ile, amesimama chini ya mlingoti. "Huyo ni Shemasi."

"Namjua."

"Ulisema hataguswa."

"Nilisema wakati nilikuwa na wengine." Wabwire alikuwa amechuchumaa akikaza tanzi, na hakugeuka. "Hajaguswa na kitu. Anakula, anakunywa, yuko juu anaona dunia. Wewe ungependa kukaa kwenye moshi wa jiko?"

"Ulisema mbele ya Mungu."

"Mungu anajua nguchiro amekula nini. Nenda shule."

Alikwenda shule. Siku hiyo hakusikia neno hata moja la mwalimu.

Kwa asubuhi chache za kwanza Shemasi hakuita. Wabwire alimpigia mluzi, akamtikisia kamba, akamwekea mtama mbivu. Wapi! Kware alitembea huku na huku ndani ya kizimba, akichungulia chini. Oduori alikuja na pikipiki yake, akazima injini, akatazama juu na kucheka.

"Boss, umepandisha bubu. Hii ndege ni ya kanisa. Inangoja kengele."

"Ataita."

"Ataita lini? Mimi madereva wananiuliza kila siku, kware wako wapi. Nimewaambia wako kwenye mafungo."

Wabwire hakucheka. "Asipoita kesho, utampeleka huyo kwenye kijiti kama wengine."

Nasambu alikuwa akichota maji kwenye pipa, na neno hilo likamchoma. Usiku ule alilala akimwomba Mungu, na kabla hakujapambazuka akasikia kamba ya mlingoti ikilia. Hakufikiri. Alitoka mbio bila viatu, akasimama chini, na kwa kutaka tu ndege asiogope, akamwita kama alivyomwita kila siku.

"Shemasi! Shemasi wangu!"

Na kutoka juu ikaja sauti ambayo hajawahi kuisikia ikiwa na nguvu hivyo. Witi! Witi-witi! Witi-witi-witi! Kware alimwona. Alimwona na akafurahi, akaita kwa koo lake lote, akaita hadi vizimba vitupu vilivyokuwa chini yake vikatikisika. Nasambu akacheka kwa sauti. Akamwita tena, naye akajibu tena.

Halafu akasikia mbawa. Kutoka kwenye anga la kijivu walikuwa wakishuka, mmoja, kisha kundi, pu, pu, pu ndani ya mtama. Akasikia vijia vikianza kuchakarika. Baada ya hapo akasikia kule kutapatapa kidogo anakokufanya ndege shingo yake inapobanwa na uzi.

Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake. Wabwire alitazama juu, akamtazama binti yake, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeonyeshwa mahali kitu chake kilipopotelea.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ni wewe."

Tangu siku hiyo akawa anamwamsha. Kila alfajiri mlango uligongwa mara moja, na Nasambu alitakiwa atoke asimame chini ya mlingoti amwite Shemasi. Siku moja alikataa. Alisimama akafunga mdomo. Wabwire hakumpiga, wala hakupaza sauti. Alifungua fundo la kamba, akateremsha kizimba, akaingiza mkono, akamtoa kware na kuzungusha vidole viwili shingoni mwake, mahali penye mstari ule mweusi.

"Kware asiyeita ni nyama," alisema. "Chagua wewe."

Nasambu akamwita. Akamwita huku macho yakiwa kwenye vidole vile, na kware, mkononi mwa yule yule aliyekuwa tayari kumnyonga, akajibu kwa furaha.

Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote. Shemasi hakujua. Aliposikia sauti yake alidhani anapendwa, na kweli alipendwa, na upendo ule ule ndio uliokuwa ukiwashusha wengine. Kila asubuhi Nasambu aliita, na kila asubuhi walikuja. Kisha baba yake alimpa kikapu akusanye. Alijifunza kulegeza tanzi bila kuvunja mguu. Alijifunza kutowaangalia machoni. Nyumbani aliacha kula nyama yao. Alikula ugali na sukuma, na mama yake alipomsogezea kipande alikirudisha sahanini.

"Unamwadhibu nani?" Roselyn alimuuliza siku moja wakiwa jikoni wawili.

"Simwadhibu mtu. Sina njaa ya hiyo."

"Mimi pia sikupenda alivyofanya."

"Umemwambia?"

Roselyn alipuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. "Baba yako akishaamua, unamjua. Tuombe. Mungu atamlainisha."

"Mama, mimi naomba kila siku. Naomba nikiwa chini ya mlingoti. Namaliza kuomba, naita, wanakufa. Mungu naye anakula kware?"

Kofi lilimpata kabla hajamaliza. Mama yake mwenyewe alishtuka kwa kofi lile. Wakabaki wakitazamana, moshi katikati yao.

"Usimseme Mungu hivyo," Roselyn alisema kwa sauti ya chini.

"Basi nimseme baba."

"Wala baba usimseme."

"Basi nimseme nani, mama?"

Roselyn aligeukia sufuria, na Nasambu akatoka nje na shavu linalowaka. Alitembea hadi nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimwona, akapiga magoti kwenye majani. Hakusali sala aliyofundishwa. Alisema, "Bwana, unasikia ama husikii? Nimechoka kukuambia kimyakimya."

Jumamosi iliyofuata zamu ya jumuiya ikaangukia nyumbani kwao. Wabwire alivaa shati jeupe, lile la Pasaka. Viti vilipangwa uani, kivulini mwa nyumba, na kutoka hapo mlingoti ulionekana wote, kuanzia chini hadi juu. Roselyn alipika chai, na kwenye sinia kubwa lililofunikwa kitambaa kulikuwa na kware wa kukaanga kwa ajili ya wageni. Mitego ilikuwa imeshategwa upya kwa ajili ya kesho, maana Wabwire hakupenda kutega Jumapili.

Watu walikuja, wakaketi, wakaimba. Katekista Paulinus akasoma Injili. Akasema machache kuhusu mchungaji anayeyajua kondoo wake kwa majina nayo yanaijua sauti yake, na kila alipotaja sauti, Nasambu aliinamisha kichwa. Juu ya mlingoti Shemasi alikuwa akichungulia chini. Hakuna aliyemwangalia sana. Mama Anyait aliwahi kumtupia jicho, akatabasamu, akadhani ni heshima amewekwa juu hivyo.

Ukafika wakati wa maombi. Katika jumuiya ile kila mtu aliruhusiwa kuomba kwa sauti kile alichonacho moyoni, na wengine wakaitikia. Mmoja aliwaombea wagonjwa. Mwingine akaombea mvua. Oduori, aliyekuja kwa ajili ya sinia kuliko rozari, akawaombea madereva wote wanaosafiri wafike salama. Kila ombi lilimalizika kwa "Ee Bwana," na kila mara wote wakajibu kwa sauti moja, "Twakuomba utusikie," macho yamefumbwa, bila hata kufikiri, kama mtu anavyopangusa jasho.

Paulinus alikuwa anaanza kufungua mdomo afunge maombi.

"Tumwombee baba yangu, Wabwire," Nasambu alisema.

Wengine walitabasamu, macho bado yamefumbwa. Mtoto anamwombea babake, jambo jema.

"Tumwombee kwa sababu alisema mbele ya Mungu na mbele ya jumuiya hii kwamba kware wangu hataguswa. Sasa amemtundika mlingotini. Kila asubuhi ananiamsha nimwite, ili aite wengine waje kufa, na nikikataa anataka kumnyonga. Mimi nimekuwa mwongo kwa sababu yake. Tumwombee alitimize neno lake. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," walijibu wote.

Ilitoka kabla hawajajua wamejibu nini. Mama Anyait ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa zaidi. Na Wabwire naye alikuwa ameitikia. Mdomo wake ulisema wenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi, kisha ukabaki wazi.

Macho yakafumbuka moja baada ya jingine. Watu walitazama chini, wakatazama mlingoti, wakatazama tena chini. Oduori alianza kucheka akajigeuza kukohoa. Paulinus alishika kitabu chake kwa mikono miwili.

"Baba Yetu," alianza kwa haraka, "uliye mbinguni..."

"Ngoja, Katekista." Wabwire alikuwa amesimama. Mshipa wa shingo ulikuwa umemtoka. "Kwanza nimalizane na sala hii. Nimeshtakiwa nyumbani kwangu, kwenye viti vyangu, na mtoto ninayemlisha. Ninamlisha na nini? Eh? Mnafikiri hiyo sare yake ilishuka na malaika? Hata nyinyi, hicho kilicho kwenye sinia mlikuja kukila. Au mtaacha?"

Macho yakageukia sinia.

"Baba Nasambu, kaa chini," Roselyn alisema.

"Sikai!" Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mlingotini. "Mnataka ndege? Mnataka neno langu? Nitawapa vyote viwili!"

Alivuta kamba kwa nguvu kizimba kikashuka kikigongana na vingine. Hakuufungua mlango, aliung'oa. Akamshika Shemasi, akainua mkono juu ya kichwa chake, akamrusha hewani.

"Haya! Yuko huru! Neno langu hilo hapo!"

Kware hakuwa amewahi kuruka mbali. Alipiga mbawa kwa fujo, akapita juu ya vichwa vya watu, akayumba, akaanguka katikati ya mtama. Majani yakatikisika mara moja, kisha yakatulia.

"Mwite basi," Wabwire alisema, akihema. "Si ni wako? Si anakusikia wewe peke yako? Mwite, umchukue, mniache!"

Nasambu aliinuka. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Halafu akaona.

Kati ya pale alipokuwa amesimama yeye na pale alipoangukia Shemasi kulikuwa na vijia. Alivijua vyote kwa sababu alikusanya humo kila asubuhi. Kware akiitwa hafuati angani. Hutembea, na hufuata njia iliyofyekwa. Angesema neno moja tu, Shemasi angekuja mbio moja kwa moja hadi kwenye uzi.

Akafunga mdomo. Akauziba kwa mkono.

Kutoka ndani ya mtama ikaja sauti ndogo. Witi?

Hakujibu.

Witi? Witi-witi?

Alikuwa anamtafuta. Watu wote waliisikia, na wote walimwona mtoto yule amesimama na mkono mdomoni, mabega yakitikisika, machozi yakipita kati ya vidole, asithubutu kutoa hata pumzi yenye sauti. Mama Anyait alianza kusema, "Mbona hamwiti?" Kisha naye akaelewa, akajishika kifua.

Nasambu aliuondoa mkono kidogo tu, akanong'ona, "Toa mitego."

"Mitego ni yangu," Wabwire alisema. Lakini alisema kwa kunong'ona, naye.

"Toa."

Katekista Paulinus aliweka kitabu chake kwenye kiti, akakunja mikono ya kanzu. "Nionyeshe iko wapi, Mzee Wabwire, tusaidiane."

"Usiguse!" Wabwire alifoka. "Utafyatua, utamfukuza ajirushe ndani. Huwezi kuiona. Niliifanya isionekane."

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe.

Witi? Sauti ilikuwa imesogea.

Wabwire akapiga magoti. Hakuna aliyemwambia apige magoti, ila tanzi la kware halitolewi mtu akiwa amesimama. Aliingia kijia cha kwanza kwa magoti na viganja, shati lake la Pasaka likiburura kwenye udongo mbichi, akitenganisha nyasi kwa vidole, akinung'unika. Nasambu alisikia vipande vya manung'uniko hayo. "Nyumba yangu mwenyewe... mbele ya watu... mtoto wa kike..." Alifungua tanzi, akalifunga kiganjani, akasogea. Akafungua jingine. Jasho lilimdondoka puani. Jumuiya nzima ilikaa ikimtazama, rozari mikononi, chai ikipoa, na kitambaa cha sinia hakikufunuliwa na mtu.

Nasambu hakumhurumia. Alijaribu, kwa sababu alifundishwa kuhurumia, lakini moyo wake ulikataa. Aliyafuata magoti yale kwa macho, kijia kwa kijia, na moyoni alikuwa akisema, endelea, endelea, bado.

Hatimaye Wabwire alisimama kwa shida, nyuzi zimemviringika mkononi kama bandeji.

"Tayari. Mwite."

"Umetoa yote?" alinong'ona, mkono bado mdomoni.

"Nimesema tayari."

"Apa."

Watu wakavuta pumzi. Roselyn akasema, "Nasambu!"

"Wewe mtoto," Wabwire alisema, "usinifanye niape."

"Siku ile uliapa bila kuulizwa."

Baba na binti walitazamana juu ya mtama. Wabwire alikuwa na matope hadi kifuani. Midomo yake ilitaka kusema jambo, na Nasambu alisubiri kofi lingine, au tusi, au jina la Mungu litamkwe bure kwa mara ya pili. Badala yake Wabwire aligeuza uso. Alitazama shamba, kijia kimoja baada ya kingine, akisogeza midomo. Kisha akarudi chini kwa magoti, akatambaa hadi kando ya kichuguu, akapitisha mkono chini ya majani makavu, na akatoa tanzi moja lililokuwa limebaki.

Alilishika juu ili alione. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nililisahau," alisema. "Haki ya Mungu, hilo nililisahau."

"Na sasa?"

"Sasa hakuna. Nimeapa."

Nasambu akaondoa mkono mdomoni. Sauti ilipotoka ilikuwa imekwaruza.

"Shemasi."

Mtama ukatikisika. Alikuja kwa mbio, kijia kile cha kati, shingo mbele, akipita pale pale ambapo nyuzi zilikuwa zimening'inia muda mfupi uliopita. Alipita karibu na goti la Wabwire bila kusimama. Akafika, akapanda juu ya unyayo wa Nasambu, akakaa, akajikung'uta vumbi.

Mama Anyait akapiga kigelegele kimoja, akakikatiza njiani alipoona hakuna anayemuunga mkono. Oduori alisema kwa sauti ya chini, "Wacha niende nikawaambie madereva leo hakuna kitu," akaondoka bila kugusa sinia.

Nasambu alimwinua kware akamtia ndani ya mkono wa sweta, ingawa hakutosha tena, na mkia ukabaki nje. Alipita mbele ya baba yake kuelekea nyumbani. Wabwire alikuwa bado amepiga magoti pale kwenye kichuguu, akijaribu kuzitoa nyuzi mkononi. Zilikuwa zimeshikana, na kila alipovuta moja, nyingine zilimkaza.

Roselyn alimshika binti yake bega mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mshukuru baba yako," alisema. "Nasambu, tafadhali. Mshukuru tu."

Nasambu aligeuka. Hakumtazama baba yake. Alitazama nyuma yake, juu ya mtama, mahali ambapo vizimba vitupu vilikuwa bado vinabembea.

"Mlingoti bado umesimama, mama," alisema.

Wabwire alisikia. Aliacha nyuzi, akainua kichwa, akautazama mlingoti wake muda mrefu. Nasambu hakungoja kuona atafanya nini. Aliingia ndani akafunga mlango, na nje Katekista Paulinus akaanza upya Baba Yetu, taratibu safari hii, neno kwa neno.